Sauti Tunayoiamini Inapoanza Kutetemeka

Oktoba ikielekea ukingoni, wapenzi wa michezo ya redio ya zamani nchini Marekani huanza kupeana orodha. Ni msimu wa Halloween, na wakati wengine wanatafuta filamu za kutisha za kutazama usiku wa tarehe 31, wao hutafuta cha kusikiliza taa zikiwa zimezimwa. Orodha hizo hutofautiana sana kuanzia namba mbili kwenda chini, ila namba moja haibanduki: "The War of the Worlds", mchezo ambao Orson Welles, kijana wa miaka 23, aliurusha na kundi lake la Mercury Theatre kupitia mtandao wa redio wa CBS Jumapili ya 30 Oktoba 1938, saa mbili usiku kwa saa za New York.

Nafasi hiyo mchezo unaistahili. Kinachonikera ni sababu inayotolewa kila mwaka: kwamba Marekani nzima ilipatwa na kiwewe, watu wakamiminika barabarani wakidhani viumbe kutoka sayari ya Mirihi wametua New Jersey. Kisa hicho cha taharuki kimeumeza mchezo wenyewe, na pamoja nao kimemeza miaka 30 ya kazi ya watunzi, waigizaji na mafundi wa milio waliokuja kabla na baada yake. Tumebaki tukidhani kwamba mchezo wa redio hutisha pale unapofanikiwa kudanganya watu. Mimi naona vingine. Msikilizaji wa redio hana cha kushika isipokuwa sauti ya mtu anayemwamini, na watunzi bora wa enzi ile walijua kuitikisa sauti hiyo kidogo kidogo, kwa wakati wake, mpaka msikilizaji akose pa kusimama.

Tuanze na hiyo taharuki. Usiku ule kampuni ya C. E. Hooper ilipigia simu kaya 5,000 kuuliza zinasikiliza nini. Ni asilimia 2 tu waliotaja kipindi cha Welles. Umati mkubwa ulikuwa kwenye mtandao shindani wa NBC ukimsikiliza Edgar Bergen na mwanasesere wake Charlie McCarthy, kipindi cha vichekesho kilichopendwa kuliko vyote saa ile. Wapo waliotishika kweli, na simu zilipigwa polisi na kwenye magazeti. Lakini nchi nzima kukimbia? Hilo ni zao la vichwa vya habari vya asubuhi iliyofuata, na magazeti yalikuwa na sababu yao: redio ilikuwa imewapokonya matangazo ya biashara, na hapa walipata fursa ya kuionyesha kuwa chombo kisichoaminika.

Ukitaka taharuki ya kweli, nenda Quito, Ekuador, Februari 1949. Redio ya mji huo iliigiza hadithi ileile kwa Kihispania, kwa mtindo uleule wa taarifa za dharura. Wananchi walipogundua kwamba ni maigizo, hofu iligeuka hasira. Waliuzingira mjengo wa gazeti la El Comercio, ambamo redio hiyo ilikuwa na studio zake, wakauchoma moto. Watu kadhaa walikufa. Ajabu ni kwamba kisa hicho chenye maiti hakitajwi sana, ila cha New Jersey kinarudiwa kila Oktoba.

Sasa usikilize mchezo wenyewe wa 1938, ukisahau habari za waliokimbia. Mtunzi Howard Koch aliichukua riwaya ya H. G. Wells ya 1898 na kuivunja iwe vipande vya matangazo: muziki wa dansi kutoka hotelini, unakatizwa na taarifa, muziki unarudi, unakatizwa tena. Mwezi mmoja tu kabla yake, Septemba 1938, Wamarekani walikuwa wamekesha na redio zao wakifuatilia mgogoro wa Munich, uliokaribia kuiingiza Ulaya vitani, vipindi vikikatizwa kila mara kwa habari kutoka Ulaya. Masikio yao yalikuwa yamefunzwa kwamba muziki ukikatika ghafla, kuna jambo. Koch na Welles waliyachukua mazoea hayo na kuyajengea mchezo.

Halafu kuna Frank Readick, aliyeigiza mwandishi wa habari Carl Phillips. Ili kujiandaa, Readick alisikiliza tena na tena rekodi ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyekuwepo Lakehurst tarehe 6 Mei 1937 wakati chombo cha anga cha Hindenburg kilipolipuka mbele yake. Morrison alianza na sauti ya kazi, ya mtu anayeeleza anachokiona, kisha sauti ikapasuka akawa analia. Readick aliuchukua mpasuko huo na kwenda nao Grover's Mill, kijiji cha New Jersey ambako Wamirihi wanatua mchezoni. Mwanzoni Phillips anababaika kidogo kutafuta maneno, kama mwandishi yeyote aliyefika eneo la tukio kabla hajajua limetokea nini. Kisha anaanza kukosea mpangilio wa sentensi. Kisha anapiga kelele. Kisha hakuna kitu.

Kimya hicho ndicho roho ya mchezo. Ni sekunde chache tu, lakini Welles aliwazuia watu wake wasizijaze, na redioni sekunde chache zisizo na sauti ni ndefu mno. Baadaye anaingia mtangazaji wa studioni, mtulivu, akieleza kwamba kuna hitilafu ya mitambo, na piano inaanza kupigwa. Piano ile hunisisimua mwili kuliko mlio wowote wa silaha za Wamirihi. Kuna pia waziri anayelihutubia taifa, aliyeigizwa na Kenneth Delmar kwa sauti inayofanana mno na ya Rais Franklin Roosevelt. CBS walikuwa wamekataza rais asitajwe. Delmar akaitwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na masikio ya wananchi yakajaza yaliyobaki. Angalia jinsi hofu yote inavyopita kwenye sauti za watu wa kuaminika: mwandishi wa habari, mkuu wa serikali, mtangazaji wa zamu. Nusu ya pili ya mchezo, ambapo Welles anasimulia peke yake kama Profesa Pierson, inapwaya, na nadhani inapwaya kwa sababu hakuna tena sauti ya mtumishi wa umma ya kuivunja.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja "Lights Out", na ni haki yake. Kipindi hicho kilianzishwa Januari 1934 na Wyllis Cooper katika kituo cha WENR cha Chicago, kikirushwa saa sita usiku ili watoto wawe wamelala. Kilijulikana kwa milio yake. Kichwa kikikatwa, fundi wa milio alikuwa akipasua kabichi. Mifupa ikivunjika, zilikuwa mbavu za nguruwe zikikongolewa kwa spana, au pipi ngumu zikisagwa kwa meno karibu na maikrofoni. Mtu akichomwa na umeme, ni nyama ya nguruwe ikikaangwa. Arch Oboler, aliyekipokea kipindi mwaka 1936, alikuja na mchezo ambamo binadamu anageuzwa nje ndani, na mlio wake ulikuwa glovu ya mpira iliyoloweshwa ikivuliwa taratibu.

Mambo hayo husimuliwa kwa furaha kila Halloween, na ni ubunifu wa kuheshimiwa kweli. Lakini jiulize ni mchezo gani wa "Lights Out" watu wanaukumbuka kwa jina. Ni "Chicken Heart" wa 1937, na hauna damu hata kidogo. Wakati ule wasomaji wa magazeti walijua habari za daktari Alexis Carrel wa Rockefeller Institute, New York, aliyeanza mwaka 1912 kutunza hai kipande cha moyo wa kifaranga ndani ya chupa, na ikadaiwa kwamba kimeendelea kuishi miaka na miaka. Oboler aliuliza: je, kikikua bila kukoma? Mchezo mzima ni mapigo ya moyo yanayozidi kupanda na mwanasayansi anayetoa hesabu. Moyo unaongezeka maradufu kila saa, nguvu za serikali zinahitajika sasa hivi, kesho hazitatosha. Sauti ya msomi inayoshikilia hesabu zake huku matumaini yakiisha ndiyo iliyobaki vichwani mwa waliousikia. Rekodi ya matangazo yale ya kwanza haipo, na kilichopo ni toleo fupi ambalo Oboler alilirekodi upya kwa santuri mwaka 1962, na hata hilo linatosha.

"Inner Sanctum", kipindi kingine cha kutisha, sitaipa nafasi kubwa. Himan Brown aliianzisha Januari 1941, na mlango wake unaolia kwa kukosa mafuta ni miongoni mwa milio mashuhuri zaidi katika historia ya redio. Mwenyeji wa kwanza, Raymond Edward Johnson, aliwakaribisha wasikilizaji kwa mizaha ya makaburini, na mlango ule ulifanya kazi ambayo "Paukwa" hufanya kwetu: ukiusikia, unajua umeingia nchi nyingine yenye kanuni zake. Baadaye Lipton wakadhamini, na ikawa mizaha ya maiti inafuatwa na mama mchangamfu akisifia chai. Ni burudani safi. Hadithi zenyewe, nyingi zilitegemea ajali za kuungaunga na maelezo ya dakika ya mwisho, na ukisikiliza tatu mfululizo utaanza kuotea mwisho wa ya nne.

Kwa hofu inayokaa, nenda kwa Lucille Fletcher. Alifanya kazi CBS akiwa kijana, akaolewa na Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Mercury Theatre ambaye mwaka 1960 angekuja kutunga zile fidla zinazokata kama kisu katika filamu ya "Psycho". Mwaka 1940 wawili hao wakivuka Marekani kwa gari walimwona mtu wa ajabu barabarani, kisha mbele ya safari wakamwona tena mtu yuleyule. Kutokana na hapo Fletcher aliandika "The Hitch-Hiker", mchezo ulioigizwa na Welles kwa mara ya kwanza Novemba 1941, Herrmann akiuandikia muziki.

Ronald Adams anaendesha gari kutoka Brooklyn kwenda California. Anamuaga mama yake. Kwenye daraja la Brooklyn, mvua ikinyesha, anamwona mtu anaomba lifti. Anamwona tena New Jersey. Anamwona tena Pennsylvania. Mtu huyo hafanyi lolote. Anasimama tu, anainua mkono, anaita. Kinachobadilika ni Adams. Mchezo unaanza naye akituhakikishia kwamba ana akili timamu, na anatutajia umri wake, mahali alipo, namba ya gari lake, kana kwamba anajaza fomu polisi. Mtu mwenye amani hana haja ya kuthibitisha jina lake. Fletcher anatupa maelezo yale ya uhakika mwanzoni ili baadaye tuyaone yakiporomoka moja baada ya jingine, na simu ya mwisho, Adams akitafuta sauti ya nyumbani, sitaieleza hapa kwa heshima ya atakayeusikiliza kwa mara ya kwanza.

Mchezo wake mwingine unanilazimisha kuipanua hoja yangu. "Sorry, Wrong Number" ulirushwa na kipindi cha "Suspense" tarehe 25 Mei 1943. Bibi Stevenson, mgonjwa asiyetoka kitandani, anampigia simu mumewe ofisini. Laini zinaingiliana, naye anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani usiku huohuo, saa tano na robo, garimoshi litakapopita darajani ili kelele zake zifunike ukelele. Laini inakatika. Kuanzia hapo ana simu tu, na saa inakwenda.

Agnes Moorehead, mmoja wa waigizaji waliokulia Mercury Theatre, anaanza akiwa mwanamke msumbufu, mwenye kuamrisha, ambaye hutamani kumsikiliza hata dakika tano. Sauti yake inapanda ngazi hadi ngazi kwa nusu saa nzima bila kurudi chini. Lakini sikiliza wanaomjibu. Opereta wana adabu. Wanamwomba namba. Wanamwambia laini ina mtu. Polisi wa zamu, Sajenti Duffy, anaandika maelezo yake kwa utulivu wa mtu mwenye mambo mengine mezani. Hakuna hata mmoja anayetetemeka, na hapo ndipo koo langu hukauka. Fletcher aliona kwamba sauti ya kuaminika inaweza kutisha kwa njia mbili: inapovunjika, na inapokataa kabisa kuvunjika wakati wewe unakufa. Kila aliyewahi kushikilia simu kwenye foleni ya huduma kwa wateja akiwa na shida ya dharura anaijua hofu hiyo, ingawa yake haikufikia kisu. Moorehead aliuigiza mchezo huo mara nane kwa "Suspense" kati ya 1943 na 1960, na kila rekodi ninayoisikia inanionyesha kwamba hakuuzoea.

Kilele, kwangu, ni kazi ambayo ilisikilizwa na wachache. Wyllis Cooper, yuleyule wa kabichi na mbavu, alirudi mwaka 1947 na kipindi kiitwacho "Quiet, Please" kwenye mtandao wa Mutual, baadaye ABC, hadi 1949. Aliyeigiza kila wiki alikuwa Ernest Chappell, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: Chappell alikuwa mtangazaji. Hakutoka jukwaani. Ndiye aliyekuwa akitambulisha michezo ya Welles baada ya kampuni ya supu ya Campbell kuidhamini Mercury Theatre mwishoni mwa 1938. Cooper alichukua sauti iliyozoea kuuza supu na kuitia katika vinywa vya watu wa kawaida, mfanyakazi, mwanajeshi, mzee wa kijijini, akaiambia isiigize. Iongee tu.

Kipindi kinaanza kwa Chappell kusema maneno mawili ya jina la kipindi, kuomba utulivu. Kimya, sekunde kadhaa. Anayasema tena. Ndipo muziki wa César Franck unaingia, na msimulizi anaanza kukuongelesha kama jirani aliyekukaribisha sebuleni. Mwanzilishi wa redio ya kuvunja mifupa alikuwa ameamua, baada ya miaka 13, kwamba mifupa haihitajiki. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo.

Agosti 1948 alirusha "The Thing on the Fourble Board". Msimulizi, Porky, alikuwa kibarua kwenye mnara wa kuchoronga mafuta. Jukwaa linalotajwa kwenye jina la mchezo ni lile la juu mnarani, ambako mabomba ya kuchorongea husimamishwa yakiwa yameunganishwa manne manne. Anakueleza kazi ilivyo, majina ya vifaa, tabia za wenzake, polepole, kama fundi anayeipenda kazi yake. Ndani ya mwamba uliotolewa chini sana ardhini wanakuta pete. Kisha kuna kitu juu ya mnara, na kitu hicho kina kilio, kilichotolewa na mwigizaji Cecil Roy, kinachofanana na cha mtoto mdogo. Hicho ndicho mlio pekee wa kutisha katika mchezo wote. Ila kinachokuondolea usingizi ni Porky mwenyewe. Anakuita "wewe". Amekukaribisha kwake, amekuomba ukae, na unaanza kugundua, kwa kuchelewa, kwamba mtu uliyemwamini kwa dakika 20 kwa sababu anaijua vizuri kazi yake ana sababu ya kukuita.

Kwamba tunaweza kuisikia kazi hii leo ni bahati. NBC na CBS kwa miaka mingi hazikuruhusu vipindi vyao virushwe kutoka kwenye rekodi. Waigizaji walicheza moja kwa moja hewani, na vipindi vingi vilichezwa tena saa tatu baadaye kwa ajili ya wasikilizaji wa pwani ya magharibi. Kilichobaki kimetokana na santuri kubwa za inchi 16, kila upande dakika 15, zilizokatwa kwa ajili ya wadhamini, kumbukumbu za studio au redio ya majeshi, kisha zikaokolewa na watu binafsi waliozihamishia kwenye kanda. "Quiet, Please" nyingi zinakwaruza vibaya. Usikate tamaa na mikwaruzo. Baada ya dakika mbili sikio huizoea.

Televisheni ilichukua wadhamini, na "Suspense" ilifunga tarehe 30 Septemba 1962. Brown alirudi na mlango wake mwaka 1974 akaendesha "CBS Radio Mystery Theater" hadi 1982, juhudi ya kishujaa. Hata hivyo, urithi wenyewe ninausikia zaidi kwenye simu zetu. Simulizi za sauti za Kiswahili zimejaa YouTube: majini, makaburi, safari za usiku, nyumba za kupanga zenye siri. Wasimulizi wengi wana vipaji, na wana hadhira ambayo Cooper hakuwahi kuipata. Tatizo ni kwamba wanaogopa kimya. Kila sentensi imewekewa radi, bundi, kicheko cha mchawi na mwangwi mzito kwenye sauti, hata pale mhusika anapolipa nauli tu. Msikilizaji anaambiwa aogope kuanzia sekunde ya kwanza, na hapewi mtu wa kumwamini ambaye anaweza kumpoteza.

Na sisi tuna sauti za kuaminika za kutosha. Vizazi vizima Tanzania na Kenya vimekua vikinyamaza taarifa ya habari inaposomwa redioni, na vimefuatilia michezo ya redio jioni baada ya jioni. Ningependa kumsikia mtunzi wa Kiswahili akiandika nusu saa ya mlinzi wa usiku na mtu wa zamu wanaoulizana hali kila saa kwa redio ya upepo, bila radi, bila bundi, mlinzi akiripoti kwamba kila kitu ni shwari kwa maneno yaleyale, mpaka saa ambayo mpangilio wa maneno hayo unabadilika kidogo na mtu wa zamu anashindwa kuamua kama amesikia vibaya. Vifaa vinavyohitajika ni simu moja na waigizaji wawili wanaojua kuongea taratibu.